Nyeusi, Nyeupe na Macho ya Mama

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, na mmoja amebeba kapu, mwenzake hana budi kujibanza ukutani. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe, ya ghorofa moja, yenye roshani ya mbao inayotazama kichochoroni na ngazi iliyosimama wima kama ya mnara. Ndimo tulimozaliwa, ndimo tulimoolewa tukatoka, na ndimo anamoishi mama yetu hata leo, pamoja na kaka yetu, wifi yetu na mtoto wao. Tunaposema "sisi" katika makala haya tunakusudia wanawake wanne: dada watatu wa tumbo moja na wifi yetu huyo, ambaye tangu aingie nyumbani tumemhesabu kuwa ni dada wa nne. Kosa tunalolisimulia tulilifanya sote, kwa hivyo tumeona ni haki kulisimulia kwa kauli moja.

Mwaka uliopita, katika mwezi wa Rajabu, tulikubaliana kumtengenezea mama sebule kabla ya Ramadhani kuingia. Sebule ilikuwa imechoka. Rangi ya kuta ilibambuka kwa unyevu, makochi yalibonyea, na sakafu ya saruji ilikuwa imeota nyufa. Kwa miezi kadhaa tuliweka fedha zetu za mchezo pamoja, na zilipotimia shilingi 120,000 tukaanza kutumiana picha za vyumba vya kisasa. Picha zilizotuvutia zilikuwa za namna moja: kuta nyeupe kabisa, makochi meusi, mapazia meusi yenye ukingo mweupe, na sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe vilivyopishana kama ubao wa dama.

Tulizipenda kwa sababu zilikuwa na utulivu. Nyumba za watu wengi hujaa rangi zinazogombana, na jicho likiingia halijui litue wapi. Tulijiambia pia kwamba rangi hizi mbili si ngeni kwetu. Buibui ni jeusi na kanzu ni nyeupe. Kuta za wazee wetu zilipakwa chokaa, na juu yake boriti za mikoko zikapita zikiwa zimekolea weusi kwa umri na moshi wa taa. Kiti cha enzi, ambacho hukuwekwa isipokuwa kwa mgeni wa heshima, kilichongwa kwa mpingo na kupambwa kwa vipande vyeupe vya mfupa au pembe. Hoja zetu zilikuwa nzuri. Lililopungua ni kwamba tulijadiliana sisi kwa sisi, na mwenye nyumba tukampelekea uamuzi uliokwisha kukatwa.

Mama alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Fanyeni munavyoona, wanangu. Nyumba ni yenu." Tulilichukua neno hilo kuwa ridhaa. Mtu aliyelelewa vyema angejua kwamba mzazi akisema nyumba ni yenu, huenda anasubiri aambiwe, "La, mama, nyumba ni yako, wataka iweje?" Hatukumwambia.

Mafundi walifanya kazi siku kumi na mbili. Kuta zilipakwa rangi nyeupe ya mafuta yenye kung'aa. Vigae vilipangwa, vikasuguliwa, vikawa kama kioo. Makochi meusi yalipandishwa kwa taabu kubwa kupitia roshani, maana ngazi haikuwapitisha wachukuzi. Vitu vya mama tukavitoa: mikeka aliyoishona kwa mkono wake, mito miwili myekundu iliyofunikwa leso ya kisutu, na kiti chake cha chini alichokikalia karibu na roshani kila jioni. Vyote tulivifunga vizuri tukaviweka stoo. Jirani walipokuja kutazama walisema mashaallah, na sisi tukatoka tukiwa tumejaa furaha ya watoto waliomtendea mzazi wao wema.

Ramadhani iliingia. Mama hakukaa sebuleni. Alfajiri, adhuhuri, magharibi, alikuwa chumbani mwake, juu ya kitanda au juu ya msala. Wakati wa kufuturu alisema ana uchovu, apelekewe sinia huko huko. Jioni zile ambazo kwa miaka thelathini alizikaa rosharini, akiwasalimia wapitao na kuwaulizia hali za wagonjwa wao, zikapita bila sauti yake. Wanawake wa kichochoroni wakawa wanatuuliza kama mama ni mgonjwa.

Kila mmoja wetu alikuwa na tafsiri yake. Mmoja alisema wazee hawapendi mabadiliko, apewe muda atazoea. Wa pili alisema amekasirika kwa sababu ya mikeka yake. Wa tatu, na twaona haya kuliandika hili, alisema kwamba mama hana shukrani. Wa nne, aliyekaa naye nyumba moja, alinyamaza. Baadaye alituambia kwamba alikuwa amemwona mama akipapasa ukuta kwa kiganja alipokuwa akienda msalani, akadhani ni udhaifu wa saumu. Tulikuwa wanawake wanne, tuna macho manane mazima, na hakuna aliyefungua kinywa akamuuliza.

Jambo lenyewe lilifichuliwa na mtoto. Ilikuwa usiku, wakati wa daku, katika kumi la kati. Sote tulikuwa tumelala nyumbani kwa mama usiku huo. Mama alikuwa akipenda, kila Ramadhani, kuwasimulia wajukuu habari ya sahaba Adiyy bin Hatim, ambaye aliposikia kwamba mtu aweza kula hadi ubainike uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri, alichukua nyuzi mbili za kweli, moja nyeupe na moja nyeusi, akaziweka chini ya mto wake, akawa anazitazama usiku asiweze kuzipambanua. Alipomweleza Mtume, rehema na amani zimshukie, akafahamishwa kuwa makusudio ni kiza cha usiku na mwangaza wa mchana. Watoto huicheka sana habari hii. Usiku ule mjukuu wake wa miaka sita alikwenda chumbani kumvuta mkono aje atusimulie sote. Tukiwa jikoni tuliisikia sauti ya mtoto kutoka sebuleni ikisema: "Si shimo, bibi. Ni jeusi tu. Kanyaga. Tazama, mimi nakanyaga."

Tulitoka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mkono mmoja na mkono wa mtoto kwa mwingine, mguu mmoja umeinuka, hajui auweke wapi. Taa ya dari ilikuwa imemulika vigae, navyo viling'aa kama maji. Kwa jicho lake sakafu ile ilikuwa vipande vyeupe vinavyoelea, na kati yake mashimo. Alikuwa akiruka kutoka cheupe hadi cheupe siku za mwanzo, mwanamke wa miaka sabini na moja, wakati sisi hatupo. Siku moja aliteleza akapiga goti, akajipaka mafuta mwenyewe, asiseme. Tangu siku hiyo hakuingia tena sebuleni.

Tulimkalisha. Tukamuuliza, kwa kuchelewa, swali ambalo lilistahili kuulizwa mwezi wa Rajabu. Akasema kwamba nuru ya macho yake imekuwa ikififia kwa muda wa miaka miwili. Alidhani ni uzee. Sebule ya zamani aliijua kwa miguu. Alijua ufa uko wapi na mkeka unaanzia wapi. Hii mpya hakuijua. "Mulinipa zawadi," alisema. "Mulitoa pesa zenu. Ningewaambia vipi kwamba zawadi yenu yanitisha?" Hakulia. Tuliolia ni sisi.

Baada ya Idi tulimpeleka kwa daktari wa macho. Alipimwa akaonekana ana presha ya jicho, maradhi ambayo hayana maumivu kwa watu wengi, na ambayo huuharibu polepole mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Huanza kuila pembe ya uoni, ndiyo maana mwenye nayo hujigonga kwenye milango na kukosea ngazi kabla hajajua kwamba ana ugonjwa. Pia humpunguzia mtu uwezo wa kutofautisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana. Daktari alitueleza bila kuficha kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Matone ya kila siku, na wakati mwingine upasuaji, huulinda ule uliosalia. Si kama mtoto wa jicho, ambao ukitolewa mtu huona tena.

Kisha akatuuliza jambo ambalo hatukulitarajia: sisi wenyewe tumepimwa lini? Maradhi haya hufuata damu. Mwenye mzazi au ndugu aliye nayo yumo katika hatari kubwa zaidi kuliko mtu mwingine, na sisi watu wenye asili ya Kiafrika tuna hatari hiyo kwa wingi, hasa baada ya kuvuka miaka arubaini. Tulipimwa watoto wote wa mama, kaka yetu akiwa pamoja nasi. Mmoja wetu alikutwa nayo, mapema, kabla hajapoteza kitu anachokijua. Sasa anatia matone yake kila usiku. Hatumtaji, lakini twataka kila msomaji mwenye mama, shangazi au babu aliyepoteza uoni kwa njia hii aelewe kwa nini tumeandika makala haya, yaliyoanza kwa habari ya makochi.

Muuguzi katika zahanati ile, mama mtu mzima mwenye subira, ndiye aliyetufundisha kuhusu rangi. Tulimwambia kwa majuto kwamba tumemharibia mama nyumba kwa nyeusi na nyeupe, na kwamba twataka kuziondoa zote. Akatikisa kichwa. Alisema kwamba kwa jicho dhaifu hakuna rangi mbili zenye faida kuliko hizo, maana hakuna nyingine zinazoachana zaidi. Rangi hazina kosa. Kosa ni mahali tulipoziweka. Sakafuni, ambapo mtu anataka uso mmoja wa kuaminika, tuliweka vipande vinavyopigana na kung'aa. Penye ukingo, ambapo jicho linatafuta alama ya kuanza na kumaliza kwa kitu, hatukuweka alama yoyote. Ukuta mweupe, swichi nyeupe, mlango mweupe, vyote vimeyeyukiana.

Tulirudi nyumbani tukaanza upya, na safari hii mama alikaa katikati yetu kwenye kiti chake cha chini. Kila kitu aliulizwa yeye: "Waona hapa? Waona ikiwa hivi?"

Kochi moja jeusi tuliliuza. Kwa fedha zake tulinunua zulia la rangi moja, rangi ya mchanga, lisilo na ua wala mstari, tukaligandisha juu ya vigae kutoka ukuta hadi ukuta, ili lisiwe na pindo la kumnasa mguu. Mikeka ilirudi, lakini ilitundikwa ukutani, kwa sababu mkeka uliotandikwa ukiwa huru ni mtego kwa mzee. Tuliligeuza kochi jeusi lililobaki likaegemea ukuta mweupe, na hapo likawa na manufaa: mama hulijua lilipo kutoka mlangoni.

Rangi ya mafuta tuliikwangua. Fundi mmoja mkongwe wa Mji wa Kale alikuwa amekwisha kutuonya, hatukumsikiliza. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na kuutoa, na ukiuziba kwa rangi ya mafuta maji hubaki ndani, yakatoa malengelenge, kisha rangi ikabambuka. Chokaa huuacha ukuta upumue, haikaribishi kuvu upesi, na weupe wake ni mpole. Hutawanya mwangaza wa roshani hadi pembe za ndani bila kumchoma mtu macho. Wazee hawakuichagua kwa umaskini.

Ngazi ndiyo iliyokuwa na hatari kuliko vyote. Mbao zake ni nyeusi kwa umri, na vidato vyote vilimwonekania mama kama kitu kimoja kinachoporomoka. Tulipaka mstari mweupe wa upana wa vidole vitatu kwenye ukingo wa kila kidato, kwa rangi iliyochanganywa na mchanga kidogo ili isiteleze. Pembeni, juu ya ukuta mweupe, tukaweka kishikio cheusi kutoka juu hadi chini. Kila swichi ilizungushiwa utepe mweusi. Fremu za milango zilipakwa nyeusi. Msalani, ambako kila kitu kilikuwa cheupe, tuliweka kifuniko cheusi na ndoo nyeusi.

Mezani tulijifunza mambo madogo ambayo hatukuwahi kuyafikiria. Wali mweupe katika sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe ni chakula kisichoonekana. Ndiyo maana mama alikuwa akiacha nusu, nasi tukisema hana hamu. Sasa wali wake huwekwa katika sahani nyeusi, na mchuzi wa nazi vilevile. Kahawa hutiwa katika kikombe cheupe na maziwa katika kikombe cheusi, ili ajue yamefika wapi kabla hayajafurika. Chini ya sahani nyeupe za wageni tunatandika kaniki. Msala wake ni mweusi wenye ukingo mpana mweupe, na anajua paji lake la uso litue wapi bila kuongozwa.

Aliyejaaliwa kwenda Makka ameona Al-Kaaba ilivyovikwa kiswa cheusi, imesimama katikati ya uwanja wa marumaru meupe. Hata mzee aliyechoka, hata aliye mbali kati ya umati, jicho lake halikosei. Mama alikwenda kuhiji mwaka 1998 na hadi leo akifumba macho anaiona. Alitukumbusha hilo siku tulipomaliza kupaka fremu za milango. Alisema kwamba weusi na weupe vikikaa mahali pake humwelekeza mtu, na vikitapakaa ovyo humpoteza. Hatukuwa na la kuongeza.

Wapo miongoni mwa wasomaji wetu watakaopenda kupamba nyumba zao kwa rangi hizi, na hatutaki kuwakataza, kwani ni pambo zuri na haliishi haraka. Tunawausia machache tuliyoyalipia. Acheni nyeupe iwe nyingi na nyeusi iwe kidogo, kwani nyeusi humeza mwangaza, na vyumba vyetu vya Mji wa Kale havina madirisha mengi. Epukeni mng'ao, hasa sakafuni, na hasa katika nyumba yenye mzee au mtoto. Kumbukeni kwamba nyeusi huonyesha vumbi na chumvi ya pwani kuliko nyeupe inavyoonyesha uchafu wa mikono. Wekeni rangi moja ya tatu, kidogo tu, ili nyumba isiwe baridi. Msinunue kila kitu kipya, kwani israfu huingia kwa mlango wa mapambo kabla ya mlango mwingine wowote. Juu ya yote, kabla ya kumwita fundi, mwiteni mtu anayekaa katika nyumba hiyo kutwa kucha, mumuulize anaona nini. Swali hilo lingetuokolea zaidi ya nusu ya fedha zetu, na siku ishirini za upweke wa mama yetu.

Twasema upweke kwa sababu ndio uliotuuma. Goti lilipona kwa siku chache. Lakini mama alikubali kujifungia chumbani, katika mwezi anaoupenda kuliko yote, ili asituvunje moyo. Wazazi wetu wengi wako hivyo. Hawatalalamika. Watasema wamechoka, watasema hawana njaa, watasema nyumba ni yenu. Kumfanyia mzazi wema si kumpa tunachokipenda sisi. Ni kumuuliza, na kumuuliza tena, hadi aamini kwamba kweli twataka jibu.

Rangi ya tatu nyumbani kwetu ni nyekundu. Mama mwenyewe ndiye aliyedai mito yake ya kisutu irudishwe. Alisema sebule yote nyeusi na nyeupe imekuwa kama ukurasa wa gazeti la zamani, na yeye hawezi kukaa ndani ya gazeti. Mito ipo, mmoja kila upande wa kochi.

Jioni amerudi rosharini. Huwatambua wapitao kwa sauti zao, huwasalimia, na huwaulizia wagonjwa wao kama zamani. Anashona mkeka mpya. Zamani alipenda kuchanganya miyaa ya zambarau, nyekundu na kijani, lakini sasa zambarau na nyekundu humchanganyikia, na ukili hupotea mkononi mwake. Kwa hivyo ametia rangi ukindu wake kwa nyeusi pekee, na mwingine ameuacha mweupe kama ulivyo. Mjukuu wake hukaa miguuni pake akimpa mwaa mmoja mmoja, mweusi, mweupe, mweusi, na mama humwambia asimsaidie kuhesabu, kwani hiyo anaiona mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu walio hai, awarehemu waliotangulia, na atupe macho ya kuwaona kabla hawajalazimika kututafuta kwa kupapasa. Amin.